Mbwa Aliyepanda Mezani Mwenyewe

Kwa nini mbwa ambaye damu yake ilikwisha kumtangaza maiti alipanda mezani kwa miguu yake mwenyewe?

Inspekta Thora Eyolfson wa idara ya ulinzi wa wanyama alikuwa amesimama katika chumba cha eksirei cha chuo cha utabibu wa wanyama cha Arnholt, kiganja kimoja juu ya meza hiyo, akijiuliza hilo. Meza ilikuwa ya kupandishwa na kushushwa, na mtu aliyeitumia mwisho alikuwa ameiacha chini kabisa, usawa wa magoti. Ngozi ya bandia iliyoifunika ilikuwa na mikwaruzo ya kucha upande mmoja tu, upande wa mlango. Wanafunzi aliowahoji tangu asubuhi walikuwa wamesema jambo lilelile, kila mmoja kwa maneno yake: Tansy hakubebwa. Katika miaka yote aliyokaa chuoni akiwafundisha vijana kutoa damu na kupiga picha, Tansy hakuwahi kubebwa. Ukimwambia "juu", alipanda, akajilaza ubavu, akangoja biskuti yake.

"Hata siku ile?" Thora alikuwa amemuuliza kila mmoja.

"Hata siku ile. Ila biskuti hakuila."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Dkt. Lorne Haskett, mkuu wa kliniki ya chuo, mtu mrefu mwenye kikombe cha kahawa ambacho hakikumtoka mkononi. Ni yeye aliyemchoma Tansy sindano ya mwisho, na ni yeye aliyepeleka malalamiko kwamba mbwa huyo alitiliwa sumu.

"Bado unaitazama meza, Inspekta? Haitakwambia kitu. Mtu mwenyewe unamjua."

"Bado simjui, Daktari. Damu ilitolewa kabla ya picha, au baada?"

"Kabla. Wanafunzi wa mwaka wa pili walitoa damu, wakaiweka kwenye mashine, na wakati mashine inafanya kazi yake wakamleta hapa kupigwa picha ya tumbo. Alikuwa anatapika tangu jana yake."

"Mashine ikasema nini?"

"Potasiamu juu kiasi kwamba moyo haukupaswa kuendelea. Kalsiamu karibu haipo. Mbwa anatapika, hali chakula, kibofu kitupu. Hii ni Manitoba, Inspekta, tuko Februari, kila kitu kinaganda. Kila gereji ina galoni la dawa ya rejeta, ya kuzuia maji yasigande, na ile dawa ni tamu. Mbwa akiilamba, inamla figo na kumnyonya kalsiamu yote. Vuli iliyopita nilipoteza mbwa wawili wa mjini hapa kwa njia hiyohiyo. Akishafika pale, hakuna wa kumrudisha. Nikamlaza asiteseke."

"Ulimsikiliza moyo?"

"Bila shaka."

"Ulikuwa unakwendaje?"

Haskett alikunywa kahawa kabla ya kujibu. "Haraka."

"Potasiamu ikipanda namna hiyo, moyo huenda haraka?"

"Kwa kawaida hupungua." Alikitazama kikombe. "Kwa kawaida. Wanyama hawasomi vitabu vyetu."

"Mzoga ungetuonyesha figo."

"Mzoga tuliuchoma siku ileile. Wanafunzi walikuwa wanalia, ardhi ngumu kama chuma, huwezi kuchimba hata shimo la paka. Sikujua kwamba kutakuwa na kesi. Niliyajua maneno ya Kostaniuk, mtunzaji wa vibanda, kesho yake, nilipoambiwa kwamba watu walimsikia kwenye korido akisema heri mbwa huyo afe."

"Wanafunzi wanasema alikwambia wewe."

"Aliniambia mimi, kweli. Sikuyatilia maanani mpaka watu wengine walipoyarudia."

"Na picha ya tumbo?"

"Ilipigwa."

"Uliitazama?"

"Niliitupia jicho. Damu ilikuwa imeshasema, Inspekta. Ukishapata jibu hutafuti jingine."

Thora alifunga kalamu yake, akaiweka mfukoni, akaondoka.

*

Wasyl Kostaniuk, ambaye mji mzima ulimwita Bill, alikuwa mtunzaji wa vibanda vya mbwa vya chuo hadi aliposimamishwa kazi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba kuanza, na waya wa umeme ulitoka dirishani, ukapita juu ya theluji, ukaingia chini ya boneti ya gari ili injini isigande. Aliufungua mlango kabla Thora hajabisha.

"Binti wa Eyolfson. Vua buti, sakafu imepigwa deki. Baba yako na greda lake la theluji alinifukia mlango huu kila msimu."

"Na kila msimu ulimtukana."

"Nilimtukana kwa heshima. Kaa. Nina perogi za unga zilizojaa viazi, zimebaki nyingi. Mtu mmoja hajui kupika perogi chache."

Jikoni palikuwa safi kupita kiasi, usafi wa mtu asiyekuwa na kazi nyingine ya kufanya. Karibu na jiko, sakafuni, palikuwa na bakuli la chuma la mbwa, jipya, bado limebandikwa karatasi ya dukani. Bill aliona macho ya Thora yalipotua, akaweka sahani mezani kwa kishindo.

"Nilinunua Januari. Usiniulize."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza kama ulisema heri afe."

"Nilisema. Kwa sauti, mchana, mbele ya watu. Mimi nikiwa na neno silinong'oni." Aliketi. "Nilikwenda kwa Daktari nikamwambia, nipe Tansy. Amezeeka. Miguu ya mbele yote alama za sindano. Akasema muhula mmoja zaidi, maana ni mpole, wanafunzi wanajifunza vizuri kwake. Umesikia hiyo? Angekuwa anang'ata, wangemwachia zamani! Nikamwambia heri afe kuliko kumgeuza mto wa kuchomekea sindano. Basi. Ndiyo sumu yangu hiyo, nimeitoa mdomoni."

"Kuna doa la kijani kwenye theluji, mlango wa nyuma wa vibanda. Dawa ya rejeta. Limo kwenye malalamiko."

"La kwangu. Bomba la rejeta lilipasuka siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu, wameshanisimamisha, Tansy ameshakufa. Muulize Clayton wa gereji, ndiye aliyenivuta kwa gari lake mpaka mjini huku akinicheka njia nzima."

"Siku ile alipoumwa, ulikuwepo?"

"Asubuhi nilikuwepo." Bill aligeuza uma juu ya perogi bila kula. "Nilimkuta yule binti, Maren Toews, ameinama anamtafuta mshipa. Mshipa umekimbia, mbwa anatetemeka. Nikasimama mlangoni nikamwambia: mtoboe mara moja tu. Ukimtoboa mara ya pili, mimi na wewe salamu basi. Akawa mweupe kama ukuta. Ni mtoto mzuri, Maren, anawapangusia mbwa masikio bila kuambiwa. Nilimwonea."

"Tansy alikuwa na tabia ya kula kitu kisicho chakula?"

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka, na kicheko hicho kilikatika njiani. "Soksi. Mwizi wa soksi yule! Vijana wanavua buti mlangoni kama watu wa adabu, halafu wanaacha soksi za sufu zimelowa juu ya buti. Nimesema mpaka koo limekauka. Wiki ileile mmoja wao alirudi nyumbani mguu mtupu ndani ya buti, na baridi ile ya kukata masikio. Tulicheka sana. Kila mtu aliangalia chini ya makochi."

"Ilipatikana?"

"Nani ana habari na soksi baada ya hapo?"

Thora aliisukuma sahani pembeni. Bill alimtazama anavyoinuka, kisha akasema kwa sauti tofauti, ya chini:

"Timu yangu ya mchezo wa kutelezesha mawe barafuni imemweka mtu mwingine badala yangu. Nimesukuma mawe na wale watu tangu tuko vijana. Hawakuniambia, nilikuta jina limebadilishwa. Hilo nitalimeza. Nakuomba jingine. Ukijua kilichompata, niambie yote. Stefania, mke wangu, alipofariki, madaktari waliniambia nusu, kwa huruma. Nusu nyingine ninaijaza mwenyewe mpaka leo, na ninavyoijaza mimi ni vibaya kuliko neno lolote ambalo wangenitamkia."

"Huenda yakawa mabaya."

"Nimekuuliza kama ni mazuri?"

Thora aliinama kuvaa buti. Kamba za mguu wa kushoto zilimchukua muda.

"Nitakwambia yote," alisema.

Njiani alisimama kwenye gereji. Clayton alitoka chini ya lori, akafuta mikono, akathibitisha: bomba lilipasuka baada ya mbwa kufa, yeye mwenyewe ndiye aliyeliondoa, na lingali ndani ya pipa la vyuma kama Inspekta analitaka. Thora alilitaka. Akalifunga katika mfuko na kuandika tarehe. Doa la kijani likawa limekwisha habari yake.

*

Maabara ya chuo ilikuwa imejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wote katika makoti meupe ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Mbele yao alisimama Odette Lagimodière, mwalimu wa maabara na wa picha, mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu zilizofungwa kwa penseli. Mkononi alikuwa na vichupa viwili vya damu. Thora alisimama nyuma, karibu na mlango, asionekane.

"Hiki chenye kifuniko chekundu," Odette alisema, "hakina kitu ndani. Damu ikiingia inaganda, tunaizungusha kwenye mashine, tunachukua maji yake ya juu kupima. Hiki cha zambarau kina dawa ya kuzuia kuganda. Damu yake inabaki majimaji, tunahesabu chembe. Mnajaza kipi kwanza?"

"Chekundu!" darasa lilijibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tukikosea Mwalimu atatutoa roho," alisema mmoja, na wenzake wakacheka.

"Hiyo ni sababu ya kwanza, na ni ya kweli. Ya pili?" Odette alikuwa anatabasamu. "Na kwa nini hatuhamishi damu kutoka cha zambarau kwenda chekundu, hata tone, hata mnyama awe analia, hata mwenye mnyama awe analia zaidi? Kwa sababu ile dawa ikiingia kwenye chekundu..."

Hapo macho yake yalikutana na ya Thora. Tabasamu likaondoka.

"...majibu yanaharibika," alimaliza. "Haya, glavu."

"Yanaharibika vipi, Mwalimu?" aliuliza Thora kutoka nyuma, kwa upole wa mtu anayeuliza njia.

Vichwa viligeuka. Odette aliviweka vichupa kwenye kishikio, kimoja kimoja.

"Tutafika huko wiki ijayo."

"Imo kwenye kitabu, Mwalimu!" Msichana wa mstari wa mbele, aliyeandikwa Rizalyn kwenye koti lake, alikuwa amekwisha kuinua mkono na hakungoja kuruhusiwa. "Dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu, maana damu bila kalsiamu haigandi. Kwa hiyo ukimimina kidogo tu, mashine inasema potasiamu imepaa na kalsiamu imekwisha. Mnyama mzima anaonekana kama anakufa."

Alitazama huku na huku akitafuta sifa. Hakuna aliyemsifu. Penseli ilikuwa imeanza kuchomoka kwenye nywele za Odette, naye hakuirudisha.

"Vizuri, Rizalyn," alisema hatimaye. "Umesoma. Darasa limekwisha kwa leo."

"Lakini ndiyo kwanza tu..."

"Limekwisha, wanangu. Nendeni mkanywe kitu cha moto."

Walitoka kwa minong'ono. Thora alingoja mlango ujifunge.

"Mwalimu, masalio ya damu mnayaweka muda gani?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Halafu yanateketezwa."

"Mwezi haujaisha."

"Ya Tansy nadhani yalitupwa."

"Unadhani?"

Odette aligeuka. Alikwenda kwenye friji ya kona, akaifungua, na mkono wake haukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja nyuma kabisa, nyuma ya maboksi ya vipimo vya minyoo, ukarudi na kichupa cha kifuniko chekundu kilichofungwa kwa karatasi ya tishu. Jina la Tansy lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa duara, na chini yake herufi za jina la aliyetoa damu: M.T.

"Nipe na kingine," alisema Thora. "Chekundu cha mbwa yeyote, wa siku zile zile."

Odette alimpa. Thora aliinua hicho cha pili usawa wa dirisha, akakilaza taratibu. Damu haikusogea. Ilikuwa donge moja jeusi lililoshika kioo kama jeli iliyosahauliwa. Kisha akakilaza cha Tansy.

Ilitiririka. Polepole, nyekundu iliyokolea, ikapanda upande mmoja wa kioo hadi shingoni, ikarudi.

Thora alifanya hivyo tena, kwa sababu sheria inataka jambo lirudiwe. Kisha akavitia vichupa katika mifuko miwili na kuifunga.

"Umejua tangu lini?"

"Siku ile nilikuwa Winnipeg, nasimamia mitihani. Nisingekuwa Winnipeg..." Odette aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi. "Niliporudi nikazisoma zile namba kwenye skrini, na koti bado liko mwilini nikajua. Nimefundisha somo hilo maisha yangu yote ya kazi. Nikafungua friji nikakilaza kama ulivyokilaza wewe."

"Hukukitupa."

"Kila asubuhi huwa ninakuja kukitupa."

"Na Bill Kostaniuk?"

"Nilijua hamtapata ushahidi, mtamwachia."

"Mimi nitamwachia. Mji umeshamhukumu. Nionyeshe picha, Mwalimu."

Picha ilipofunguka kwenye skrini kubwa ya ukutani, Odette aliinuka bila kuambiwa, kama mtu anayeingia darasani. Tumbo la Tansy lilikuwa mbele yao kwa rangi ya majivu: uti wa mgongo, mbavu za mwisho, na pembeni herufi ya madini ya risasi ya kuonyesha kulia au kushoto, imewekwa sawasawa, pamoja na herufi za aliyepiga picha. M.T. tena.

"Picha haina dosari," Odette alisema. "Hajatikisika, hajapinda, pumzi imengojewa mpaka itoke. Ningempa alama zote." Kidole chake kilisogea. "Haya ni matumbo. Hapa yamejaa hewa, yamevimba, halafu ghafla yanakatika. Na hapa yanapokatika, unaona mistari myembamba ya hewa, imelala pamoja, imekunjamana? Mwili hauna kitu cha mistari namna hiyo. Hicho ni kitambaa."

"Soksi."

"Soksi ya sufu, kama ungeniuliza."

"Ungeulizwa siku ile, ungesema nini?"

"Upasuaji, sasa hivi." Alikishusha kidole. "Nimesimama kwenye upasuaji wa aina hii mara nyingi, Inspekta. Unakata, unatoa, unashona. Kesho yake mbwa anagonga bakuli anataka chakula."

Thora aliitazama picha. Mbwa mwenye maumivu ya tumbo, moyo unakwenda haraka kwa sababu ya maumivu hayo, kibofu kitupu kwa sababu ametapika maji yote. Mbwa mgonjwa ambaye hakuwa anakufa. Ameambiwa "juu", akapanda.

"Mwite Maren," alisema. "Na Daktari."

*

Walikaa katika chumba cha eksirei, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye mlango mzito. Haskett alisimama ukutani. Maren Toews, binti wa miaka ishirini hivi aliyesuka nywele kama watoto wa mashambani kwao, alikataa kiti akasimama kando ya meza, mkono umeshika pale penye mikwaruzo. Thora aliweka mifuko miwili juu ya ngozi ya bandia. Maren aliviona vichupa, na hakuna swali lililohitajika.

"Ni mimi," alisema.

"Sema yote, Maren. Polepole."

"Mshipa ulikuwa umelala kwa sababu alikuwa hajanywa maji. Nilipoupata, nilichanganyikiwa, nikajaza zambarau kwanza. Ikajaa. Chekundu kikapata matone, halafu damu ikakata. Mzee Bill alikuwa ndiyo kwanza ameondoka mlangoni. Aliniambia nisimtoboe tena. Na Tansy alinilamba kifundo cha mkono, hapa. Nikafikiri, siwezi. Siwezi kumtoboa tena. Nikafungua vifuniko nikamimina kidogo. Kidogo tu, Inspekta, cha kutosha mashine."

"Ulijua hairuhusiwi?"

"Nilijua hairuhusiwi. Sikukumbuka kwa nini."

"Ulikumbuka lini?"

Maren alimtazama Odette, kisha meza. "Nilikuwa nimemshika kichwa. Daktari alikuwa anasukuma sindano. Nilikumbuka sindano ikiwa nusu."

Nje, gari la mtu liligoma kuwaka, likajaribu tena, likawaka.

"Nilifungua mdomo," aliendelea. "Sauti haikutoka. Halafu akawa mzito mikononi, ndipo sauti ikatoka, na kila mtu akafikiri ninalia tu."

Haskett aliondoka ukutani, akaiendea picha iliyokuwa inang'aa kwenye skrini ndogo ya chumba. Aliitazama kwa muda mrefu, safari hii akiwa hana kikombe.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Ilikuwa hapa wakati wote."

"Ndiyo, Daktari."

"Ningeitazama..." Alijikatiza mwenyewe. Alipogeuka, alikuwa amerudi kuwa mkuu wa kliniki. "Inspekta, tuseme ukweli kati yetu. Hakuna mhalifu. Unaweza kuandika kwamba sababu ya kifo haikujulikana. Bill anarudi kazini kesho, mimi mwenyewe nitampigia. Huyu binti ana mtihani wa leseni kiangazi hiki. Jambo hili likiandikwa, litamfuata kila kliniki atakayoomba kazi. Kwa ajili ya matone ya damu. Kwa ajili ya huruma!"

"Na kwa ajili ya picha isiyotazamwa," alisema Thora.

Haskett aliitazama tena skrini.

"Basi mwambie Bill hapakuwa na sumu," Odette alisema, na sasa alikuwa anaomba waziwazi. "Hilo ni haki yake, nami nilimnyima, nitaomba radhi. Lakini hili la soksi, Thora, hili la kwamba angepona... Alikuwa amemnunulia bakuli. Kila mtu chuoni anajua. Na yeye ndiye aliyemwambia Maren asitoboe mara ya pili. Ukimwambia hayo, atajiona yeye ndiye aliyemwangusha. Utakuwa umemsaidia nini? Litamrudishia mbwa?"

"Halitamrudishia."

"Basi mwache na nusu."

Thora alivichukua vichupa kutoka mezani, akavitia kwenye mkoba wake, akaufunga. Alitembea hadi mlangoni. Pale mlangoni, juu ya mkeka wa mpira, buti za watu wanne zilikuwa zimepangwa zikitoa maji ya theluji, na katika buti za Maren jozi ya soksi za sufu ilikuwa imekunjwa, moja ndani ya nyingine, zikatiwa ndani kabisa ambako mbwa asingezifikia. Alizitazama, kisha akageuka.

"Sikilizeni," alisema. "Leo ninafunga jalada la Wasyl Kostaniuk. Nitaandika kwamba hapakuwa na sumu, na nitaandika kilichotokea kama kilivyotokea: damu iliyomiminwa, picha isiyotazamwa, na kichupa kilichofichwa. Maren, kukosea si ukatili, na sitakufungulia kesi; chuo kitaamua la kwake, na nitawaambia kwamba ulisema bila kulazimishwa. Sasa hivi ninakwenda kwa Bill. Aliniomba yote, nami nilimwahidi yote, kwa hiyo nitamwambia yote, pamoja na kwamba Tansy angepona, na kwamba hakuna mtu aliyemwangusha kwa kumwonea huruma. Gari langu lina nafasi ya watu watatu. Anayetaka kumwambia la kwake kwa mdomo wake mwenyewe, avae buti."